Hadina ya Bondeni na Hadina ya Dabaga

Kazi yangu ni faiba: bampa, madigadi, matangi ya maji. Wilaya yetu ya Kilolo inamlazimisha fundi aijue hadina, dawa ya kugandisha resini, kwa undani. Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga, jua linachoma. Ukipanda Dabaga mwezi wa Julai unashinda na koti.

Resini ya poliesta huja ikiwa majimaji, imechanganywa na stireni. Haigandi kwa kukauka kama rangi ya maji. Hadina ni peroksaidi. Ikivunjika hutoa radikali, vipande vyenye elektroni isiyo na mwenzake. Radikali hudaka stireni, nayo hudaka nyingine, mpaka minyororo ifungane na resini nzima iwe ngumu. Kwa hiyo mimi huanza na kujiuliza: leo peroksaidi itavunjwa na nini, na kwa kasi gani?

Bondeni natumia peroksaidi ya methili ethili ketoni, ile ya majimaji, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Kobalti iliyochanganywa ndani ya resini ndiyo inayoivunja. Jua likiwa kali nabaki karibu na 1. Ukizidisha, radikali huzuka nyingi kwa mkupuo, minyororo inakuwa mifupi, joto linapanda ghafla na kipande kinene kinapata nyufa.

Dabaga, chini ya nyuzi 15, kobalti hulegea. Wengi huongeza hadina, nami sikubaliani nao kabisa. Peroksaidi iliyobaki nzima huilainisha faiba, na stireni isiyoshikana unaendelea kuinusa. Tangi la maji ya kunywa halistahili hivyo! Baridi inataka peroksaidi ya benzoili, ile ya uji mzito inayouzwa na bodifila, pamoja na resini yenye amini. Bila amini ingehitaji joto la nyuzi 70 au zaidi. Amini huivunja hata asubuhi ya baridi. Tatizo lake ni rangi: juani inageuka njano, hivyo naitumia pale patakapopakwa rangi juu.

Vijana ninaowafundisha nawasisitizia jambo moja kila siku. Kobalti na peroksaidi zisikutane zenyewe, hata tone, maana huwaka au kulipuka. Kobalti ikorogwe kwanza ndani ya resini, ienee, ndipo peroksaidi ifuate, tena macho yakiwa na miwani, kwa sababu tone moja la peroksaidi hiyo linaweza kupofusha. Afadhali kununua resini iliyokwisha kutiwa kobalti kiwandani.