Walipobadilishwa Wakubwa wa Canadiens

Timu inaposhindwa mara kwa mara, watu hutafuta mtu mmoja wa kumtwika mzigo, na aghalabu mtu huyo huwa kocha. Desturi hiyo niliizoea tangu zamani katika kandanda ya kwetu Bujumbura. Niliikuta tena, tena imekomaa zaidi, katika mji wa Montreal huko Kanada, katika mchezo ambao sisi huku hatuuchezi, yaani hoki ya barafuni. Majira ya baridi ya mwaka 2021 kuingia 2022 nilikuwa kwa binti yangu, nikimsaidia kulea mtoto mchanga. Nje theluji ilikuwa ya magotini, na jioni baada ya jioni nilitazama mchezo huo katika televisheni pamoja na mkwe wangu, mzaliwa wa Bukavu.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo, niseme hivi. Wachezaji sita kila upande, golikipa akiwa mmoja wao, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombania kwa magongo kidude cheusi cha mpira mgumu, bapa kama kisahani. Huchezwa vipindi vitatu vya dakika 20. Mbio zake huchosha kiasi kwamba mchezaji hakai uwanjani hata dakika moja kabla ya kupumzishwa na kuingizwa mwenzake. Kwa hiyo kocha anayo nguvu kubwa: ndiye asemaye nani aingie na nani abaki benchi.

Timu ya Montreal huitwa Canadiens. Iliundwa mwaka 1909, nayo imetwaa Kombe la Stanley mara 24, kuliko timu nyingine yoyote. Lakini mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1993. Mkwe wangu aliingia mji ule miaka mingi baadaye, wala hajaona kombe lolote likiletwa, lakini huyasimulia makombe hayo kama mtu asimuliaye ng'ombe wa babu yake.

Mwezi wa Julai 2021 timu hiyo ilifika fainali, jambo ambalo hakuna aliyelitazamia, ikashindwa na Tampa Bay. Kocha Dominique Ducharme, aliyekabidhiwa timu Februari mwaka huo huo baada ya Claude Julien kufukuzwa, akapewa mkataba wa miaka mitatu. Kisha ukaja msimu mpya na kila kitu kikaporomoka. Golikipa Carey Price, nguzo ya timu, hakuwapo. Nahodha Shea Weber hakuweza tena kucheza kwa sababu ya majeraha. Phillip Danault alikuwa amehamia Los Angeles. Nyumba iliyoondolewa nguzo tatu haihitaji upepo mkali.

Tarehe 28 Novemba 2021 mwenye klabu, Geoff Molson, alimfukuza meneja mkuu Marc Bergevin pamoja na baadhi ya wasaidizi wake. Akamwita Jeff Gorton, aliyekuwa akiongoza timu ya New York Rangers, awe mkubwa wa mambo yote ya hoki. Januari 2022 akaajiriwa Kent Hughes kuwa meneja mkuu, mtu ambaye kazi yake hapo awali ilikuwa kuwatetea wachezaji katika mikataba yao. Wasomaji wetu wanaojua mambo ya lugha watapendezwa na jambo hili: Gorton hakusema Kifaransa, na mji ule hauwezi kuvumilia wakubwa wa timu wasioweza kusema na watu kwa lugha yao. Mwaka 2012 watu waliandamana kwa sababu kocha wa muda, Randy Cunneyworth, hakukijua Kifaransa. Hughes alizijua lugha zote mbili.

Habari hizo zilipokuja, mimi nilidhani mkwe wangu atafurahi. Hakufurahi. Yeye hufanya kazi katika ghala la bidhaa, na kwa mwaka mmoja alikuwa amebadilishiwa wasimamizi watatu. "Mama," aliniambia, "mkubwa akiondoka, makasha hubaki pale pale, na mgongo ni ule ule." Niliona ana haki. Wiki zile timu iliendelea kushindwa, tena kuanzia katikati ya Desemba ilicheza nyumbani mbele ya viti vitupu kwa sababu ya ugonjwa wa korona.

Tarehe 9 Februari 2022 ikafika zamu ya Ducharme. Kati ya michezo 45 alikuwa ameshinda minane tu. Miezi saba kabla yake alikuwa akishangiliwa. Mahali pake akawekwa Martin St. Louis, mzaliwa wa Laval, jirani kabisa na Montreal. Huyu alikuwa mchezaji mashuhuri, mfupi wa umbo, ambaye katika ujana wake hakuna timu iliyotaka kumchagua, lakini mwaka 2004 akatwaa kombe na Tampa Bay. Katika ukocha, hata hivyo, hakuwa amewahi kufundisha timu ya watu wanaolipwa. Alikuwa amefundisha watoto, wakiwamo wanawe mwenyewe. Watu walicheka, na magazeti yakauliza maswali.

Nami hapa ndipo nilipoanza kuutazama mchezo kwa makini, kwa ajili ya kijana mmoja aitwaye Cole Caufield. Alikuwa na miaka 21, naye ni mfupi kama kocha wake mpya. Kazi yake ni kufunga mabao. Chini ya Ducharme alicheza michezo 30 akafunga bao 1, na katikati ya mambo hayo alirudishwa katika timu ya chini. Mtu asiyejua hoki angeweza kuona jinsi alivyoushika mpini wa gongo kwa woga. Chini ya St. Louis alicheza michezo 37 akafunga mabao 22. Kijana ni yule yule, barafu ni ile ile. St. Louis alipenda kusema na wachezaji juu ya kuusoma mchezo, badala ya kukariri kila mmoja asimame wapi, na Caufield akaingizwa uwanjani tena hata baada ya kukosea. Mimi nimelea watoto watano na kufundisha wa wenzangu wasiohesabika, na sijaona tarakimu zilizonigusa kama hizo.

Lakini msomaji asidhani kwamba timu iliokoka. Ilimaliza msimu ikiwa ya mwisho katika ligi nzima, imeshinda michezo 22 kati ya 82. Ajabu ni kwamba mitaani sikusikia hasira. Wakubwa wapya hawakuahidi kombe. Waliwauza wachezaji wakomavu, Tyler Toffoli na Ben Chiarot, wakapokea haki za kuchagua vijana, nao wakasema wazi kwamba kazi itachukua miaka. Mkwe wangu, ambaye Novemba alikuwa akizima televisheni kwa ghadhabu, mwezi wa Aprili alikuwa akitazama mpaka filimbi ya mwisho, timu ikifungwa.

Binti yangu hakupendezwa na sifa zetu. Alituuliza kama tumefikiri nyumbani kwa Ducharme siku ile palikuwaje, mtu aliyeachiwa timu isiyo na golikipa wala nahodha. Hatukuwa na jibu la maana, na chai ikapoa.

Miaka ilikwenda kama walivyosema. Msimu uliofuata timu ilipata pointi 68, kisha 76, na mwaka 2025 ikapata 91, ikaingia katika mashindano ya kuwania kombe kwa mchezo wa mwisho kabisa wa msimu. Washington iliwatoa kwa michezo minne kwa mmoja. Ule mmoja ulichezwa Montreal tarehe 25 Aprili, mabao 6 kwa 3, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2017 ukumbi ulijaa watu katika mashindano hayo. Kwetu Bujumbura ilikuwa alfajiri. Mkwe wangu alinipigia simu, wala sikuweza kusikia alichosema kwa ajili ya kelele.