Anga la Unguja nalo lina mikondo

Nimefukiwa na maandalio ya somo maana fildi inabisha hodi. Nimepewa fizikia, Kidato cha Nne, mawimbi.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Kila nikifungua kitabu kuhusu ayonosfia, yaani lile tabaka la juu ambako jua linazitia chembe za hewa umeme zikawa plazma, napelekwa ncha ya kaskazini. Rada za EISCAT kule Tromsø, Norway, zinapima plazma inavyokwenda: inatoka upande wa mchana, inapita juu ya ncha hadi upande wa usiku, kisha inarudi kwa pembeni, mamia ya mita kwa sekunde, ikisukumwa na upepo wa jua. Tamu, sikatai. Lakini mtoto wa Makunduchi nimwanzie Norway?

Kumbe na sie tuna yetu bwana! Ikweta ya sumaku haipiti hapa, inapita Ethiopia. Mchana plazma ya kule inanyanyuliwa kama chemchemi, halafu inateremka kwa kufuata mistari ya sumaku, kaskazini na kusini. Ile ya kusini inamwagikia wapi? Huku kwetu. Jua likishatua, Forodhani mishikaki ndiyo kwanza inapanda jikoni, huko juu mapovu yanafumka, na siku nyengine mawimbi ya GPS yanatetereka.

Babu yangu hana habari na hayo. Anajua tu redio yake usiku inashika stesheni za mbali. Sababu ni kwamba tabaka la chini, kama kilomita 60 hadi 90, ndilo linalomeza mawimbi mchana, na jua likizama linatoweka. Yanapanda mpaka juu, yanadunda, yanarudi.

Mengine hayadundi, yanatoboa. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipita akizunguka dunia, akazungumza na kituo cha Wamarekani kilichokuwa hapa hapa Unguja. (Kilifungwa baada ya Mapinduzi ya 1964.) Wangapi tumesomeshwa hilo skuli?

Msimamizi mmoja kaniambia nishike kitabu tu, watoto wana mtihani wa Taifa. Dakika 40 ni chache, ana haki yake. Lakini mie naanza na redio ya babu. Betri nimeshanunua Darajani.