Chupa Haizeeki

Siyo siri, sisi Wapare tunasemwa sana. Eti wabahili, eti Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate hela ya kuendesha kesi ya kuku. Huwa nacheka tu. Lakini Desemba 2024 ubahili wa baba yangu uliokoa ndoa yangu, na nimeona nisikae na stori hii peke yangu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2012 mume wangu, wakati huo mchumba, alikuja kujitambulisha kwetu milimani, upande wa Mamba, wilaya ya Same. Kwetu mkwe huja na dengelua, pombe yetu ya miwa. Yeye, mtoto wa mjini, akaongeza na ya kwake: chupa ya wiski ya Uskochi, zile zinazoandikwa "single malt", ya miaka 18, aliyoinunua uwanja wa ndege akitoka safari ya kikazi. Bei yake, jamani! Nilinuna kutoka Same mjini mpaka Kisiwani, Mkomazi ikiwa kushoto kwetu na milima kulia.

Baba akaipokea kwa mikono miwili, akasoma lebo, akaifungia kabatini. Wazee wakanywa dengelua. Majirani zetu Wasabato, ambao wamisionari wao walifika Upareni mwaka 1903, wakanywa chai ya tangawizi. Mwaka uliofuata tukafunga ndoa. Chupa ikabaki kabatini.

Sasa niseme ya kwangu. Mwaka 2022 mume wangu aliuza kiwanja chetu cha Kibaha bila kuniambia. Nilisikia kwa dalali! Sikugomba. Nilijiambia mimi ni mwanamke mwenye subira, yatapoa yenyewe. Nikapika, nikatabasamu, nikalala nimegeukia ukutani. Mashosti wakawa wananiuliza siri ya ndoa yetu tulivu.

Basi, Desemba ile, baada ya makande ya mama, baba akatoa ile chupa.

"Mkwe wangu, uliniletea ikiwa na miaka 18. Nimeitunza 12. Leo ina 30. Tuifungue."

Mume wangu akakuna kichwa. "Samahani, baba. Bado ina 18."

Akaeleza. Wiski ya namna hii hutengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, katika kiwanda kimoja, na kutoneshwa kwenye mitungi mikubwa ya shaba. Inapotoka ni nyeupe kama gongo, na inachoma vilevile. Kinachoibadilisha ni pipa la mwaloni, mara nyingi lililowahi kuhifadhi sheri ya Hispania au bourbon ya Marekani. Sheria ya Uskochi inataka ikae humo si chini ya miaka 3. Mbao zinapumua, pombe inaingia na kutoka, inachukua rangi na harufu, ukali unapungua. Kila mwaka kama asilimia 2 inapotea hewani. Waskochi wanaiita fungu la malaika. Kwa miaka 18, karibu theluthi imekwenda.

"Lakini ikishatiwa chupani, baba, imesimama. Ukiitunza hata miaka 50, umri wake ni ule ule."

Baba akakaa kimya, kisha akacheka mpaka machozi. "Kumbe nimetunza bure!"

"Si ungekunywa dengelua," mama akadakia. Dengelua haina mambo mengi: juisi ya miwa, matunda makavu ya mvungunya, kibuyu, joto la jikoni. Ikiiva inanyweka, ukiichelewesha inakuwa siki.

Tukaonja, na tone la maji. Zabibu kavu, asali, maganda ya chungwa, halafu joto linaloshuka taratibu bila kukwaruza koo. Watu wote wakasifia. Mimi nilikuwa mbali. Nilikuwa nawaza Kibaha.

Usiku, chini ya mablanketi mawili, nikasema, "Kile kiwanja."

Hakuuliza kipi. Alinyamaza sana, kisha akasema hela ililipa deni la biashara iliyokufa, na aliona aibu. Nikalia. Tukagombana kwa kunong'ona, wazee wasisikie, mpaka jogoo wakawika. Kiwanja hakijarudi, wapendwa. Ila deni lililobaki sasa nalijua mpaka shilingi ya mwisho, tunalipa wote, na ukuta nimeupa mgongo.

Nilikuwa naita subira kitu ambacho kilikuwa kizibo tu. Mambo mengine ni dengelua, yaseme yakiwa bado mabichi. Mengine yanataka muda, sawa, lakini kwenye pipa linalopumua, ninyi wawili mkiongea. Lile ulilolifungia kimya kimya halikomai. Lina umri ule ule wa siku uliyolifungia.

Na ile chupa? Asubuhi mume wangu alimwambia baba kwamba ikishafunguliwa, hewa huanza kuiharibu polepole. Baba akaitikia kwa heshima zote, akairudisha kabatini, akafunga na ufunguo.

Mpare ni Mpare.