Mizigo ya Mvuvi wa Londiani

Londiani ni mji unaojua habari za mizigo. Kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924, shehena nyingi za huko zilishushwa katika stesheni ya Londiani na kupakiwa juu ya magari yaliyokokotwa na ng'ombe. Siku hizi msafiri aliyekuja kuvua trauti katika mito ya baridi itokayo msitu wa Mau huweza kuteremka mpaka Kisumu akapanda eropleni, na mzigo wake una taratibu zake.

Fimbo ya kuvulia hufunguliwa vipande na kutiwa ndani ya bomba gumu, isije ikavunjika chini ya masanduku. Ndoana na kisu hutiwa katika mzigo uwekwao tumboni mwa ndege, wala si katika mfuko wa mkononi. Ndoana zikae katika kijaluba, ili apekuaye asichomwe kidole.

Lakini jambo kubwa ni usafi. Trauti wenyewe ni wageni: mayai yao yaliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905. Vivyo hivyo, vijidudu visivyoonekana huweza kusafiri ndani ya kiatu kibichi. Mwaka 2004 mwani mbaya ulionekana katika mito ya New Zealand. Mwaka 2008 nchi hiyo ikakataza viatu vya kuvulia vyenye nyayo za sufu iliyoshindiliwa, ambazo hukawia kukauka.

Basi viatu na wavu vioshwe, vikaushwe kabisa, ndipo vifungwe. Eropleni huvuka bahari kwa siku moja. Mto ulioharibika hautengenezwi kwa siku moja.