Njia ya Vita kutoka Voi hadi Taveta

Ukisafiri kutoka Voi kwenda Taveta unapita Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni. Ni mwendo wa kilomita 110 hivi. Njia hii ilikuwa njia ya vita.

Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani, waliotawala nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, waliteka Taveta. Kutoka upande wao wa mpaka walituma askari kupita porini na kulipua reli ya Mombasa. Waingereza nao wakajenga reli mpya kutoka Voi kuelekea mpakani. Mwezi wa Juni 1915 ilifika Maktau. Maji yalikuwa shida kubwa, ikabidi yaletwe kwa bomba kutoka milima ya Bura.

Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita. Walishindwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alituma jeshi lizunguke upande wa ziwa Chala, na Wajerumani wakakiacha kilima.

Darasa letu la watu wazima liliamua kuichunguza njia hii, ili tuwaandikie Makumbusho ya Taifa kuomba ihifadhiwe. Tulichukua madaftari, kalamu na kamba ya kupimia. Mahandaki ya Salaita yapo bado. Lakini mahali pengine mawe ya ukuta wa askari yamekwisha kubebwa kujengea zizi la mbuzi. Siwalaumu waliobeba. Mawe mazuri hayaachwi.

Mzee mmoja wa darasa alituuliza, "Wapagazi mtawaandika wapi?" Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi. Pale Maktau, Voi na Taveta yapo makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, yenye majina juu ya mawe. Babu yake hana jiwe. Katika vita vile wapagazi wa Waingereza waliokufa walizidi 40,000, wengi kwa maradhi na njaa. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakuandikwa majina. Kwa hiyo tuliongeza ukurasa wa wapagazi, na jina la babu yake likawa la kwanza. Mzee aliliandika mwenyewe, polepole. Kwangu mimi ukurasa ule unapita mahandaki yote.

Ndipo mama mmoja akasema, "Mwalimu, handaki moja limo shambani mwangu. Mkiliandika, Serikali itanichukulia shamba?"

Darasa lilinyamaza. Katika wilaya hii swali la ardhi si la mchezo. Nilimweleza kwamba kwa sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006, mahali pakitakiwa kuhifadhiwa hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi ana haki ya kulipeleka kwa Waziri. Hakuridhika. Alisema gazeti hilo halifiki kijijini, na hapo alisema kweli.

Tulikubaliana handaki lake lisiandikwe mpaka yeye mwenyewe aseme. Juma lililofuata alikuja na karatasi. Alikuwa ameandika upana wa handaki, hatua tatu, na chini yake: "Shamba ni langu. Njooni kwanza mniulize." Tuliiweka karatasi hiyo pamoja na barua yetu, kama alivyoiandika.