Naivasha: Vumbi, familia na ubishi wa Safari Rally usioisha

WIKENDI ya Safari Rally, barabara ya kutoka Nairobi kwenda Naivasha hujaa kabla jua halijachomoza. Umbali wenyewe ni kilomita 90 hivi, lakini magari ya familia, matatu na pikipiki hufuatana kama siafu. Wengine hupita barabara ya juu ya Kinungi, wengine huteremka Mai Mahiu, pale penye kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano mwaka 1942. Ukifika ukingoni, Bonde la Ufa hufunguka lote mbele yako. Mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, umesimama peke yake, na chini yake nyika ya Kedong imetandazwa kama mkeka uliopauka kwa jua.

Ndani ya magari hayo kuna ubishi. Familia nyingi zinazokwenda kutazama mbio huwa na vizazi viwili, hata vitatu, na kila kizazi kina Safari yake. Guka anakumbuka magari yakipita mbele ya duka la kijijini usiku wa manane wakati wa Pasaka. Mwanawe anakumbuka mwaka 2002, Colin McRae aliposhinda na kisha mashindano yakaondolewa kwenye ratiba ya dunia kwa karibu miongo miwili. Mjukuu ameijua Safari tangu iliporejea mwaka 2021. Swali linalowagombanisha ni moja: je, mbio hizi bado zina msisimko, ikiwa mshindi ni kama anajulikana kabla ya bendera kupepea?

Toyota, halafu Toyota tena

Anayelalamika ana hesabu mkononi. Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda mwaka 2021. Kalle Rovanperä wa Finland akashinda 2022, Ogier akarudi 2023, Rovanperä akajibu 2024, na Elfyn Evans wa Wales akatwaa 2025. Miaka mitano, madereva watatu, na wote watatu walikuwa ndani ya Toyota. Mwaka 2022 na mwaka 2023 Toyota hawakuridhika na ushindi peke yake. Walichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, wakaachia wengine makombo.

Malalamiko kama hayo si ya Naivasha pekee. Wanaotazama Formula One kwenye televisheni waliyasema mwaka 2023, Max Verstappen aliposhinda mbio 19 kati ya 22. Mashabiki wa rali waliyasema pia Sébastien Loeb alipotwaa ubingwa wa dunia mara tisa mfululizo, kuanzia 2004 hadi 2012. Watu walizima runinga, wakasema mchezo umekufa.

Mjukuu hakubali. “Guka, usiangalie jina la gari, angalia saa,” atasema. Naye ana hoja. Mwaka 2023, baada ya siku nne za mashimo, mawe na matope, Ogier alimshinda Rovanperä kwa sekunde 6.7 tu. Muda huo hautoshi hata mtu kushuka matatu na kulipa nauli. Na mwaka 2021, Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Akaingia mkondo wa Loldia, sasipensheni ya nyuma ikamsaliti, na safari yake ikaishia hapo. Ogier aliokota ushindi ambao usiku uliotangulia haukuwa wake.

Safari ya wazee

Guka husikiliza, kisha hutabasamu kama mtu aliyekwisha kula anayetazama wengine wakigombania sahani.

Safari ilianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi iliendeshwa kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa. Dereva wa mbio angeweza kukutana na lori la mkaa, ng’ombe au basi la abiria. Baadaye timu tajiri zilirusha helikopta mbele ya gari ili kumwonya dereva kuhusu wanyama na watu. Umbali ulifika kilomita 5,000 hivi katika baadhi ya miaka. Leo sehemu inayopimwa kwa saa ni kilomita 350 hivi, barabara imefungwa, na jioni magari hurudi kwa mafundi mjini Naivasha.

Hapo kale kumaliza tu kulikuwa ushindi. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, ni magari saba pekee yaliyofika mwisho. Watu walisubiri kujua nani yuko hai, siyo nani yuko mbele. Ndiyo maana guka anaposikia habari ya sekunde 6.7 haoni cha kusifu. Kwake adui wa dereva hakuwa dereva mwingine. Alikuwa barabara.

Lakini hapo ndipo mama, ambaye muda wote amekuwa akigawa chai ya chupa, huuliza swali linalomkwamisha mzee: “Baba, si hata zamani kulikuwa na mtu aliyeshinda kila mwaka?”

Alikuwepo. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, alishinda Safari mwaka 1973, kisha akashinda minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi mara tano. Joginder Singh, aliyepewa jina la Simba Singh, alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Na Toyota hawakuanza kujaza jukwaa juzi. Mwaka 1993 walishika nafasi nne za kwanza, na mwaka uliofuata Ian Duncan, Mkenya, akashinda ndani ya Toyota Celica.

Hakuna aliyesema Mehta anachosha. Hakuna aliyelalamika Duncan aliposhinda na gari la timu iliyokuwa ikishinda kila mara. Walikuwa wa nyumbani. Ukweli ambao mashabiki hawapendi kuusema ni kwamba utawala wa dereva huchosha zaidi pale mtawala anapokuwa mgeni. Kinachoonekana kama kuchoshwa na Toyota huenda ni kiu ya kumwona Mkenya tena akipanda boneti ya gari na kumwaga shampeni. Tangu Safari irejee, Wakenya wamekuwa wakishindana katika madaraja ya chini, kwa magari ambayo hayana nguvu za yale ya viwanda. Pengo hilo ni la fedha kabla halijawa la kipaji.

Kando ya barabara, hesabu hubadilika

Ubishi wote huo hupungua familia inapofika mahali pake na kutandika shuka. Kedong ni mkondo wa zaidi ya kilomita 30, wa vumbi laini kama unga wa ngano ambalo huficha mawe. Magari hufungwa bomba refu la kuvutia hewa kando ya kioo cha mbele, ili injini isimeze vumbi wala maji. Kule Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita lenye heroe, kuna mkondo uliopewa jina la kilima cha Sleeping Warrior, kwa sababu kwa mbali kinafanana na mpiganaji aliyelala chali. Jumapili yote huishia Hell’s Gate, katikati ya magenge mekundu, ambako siku nyingine yoyote mtoto anaweza kuendesha baiskeli akiwatazama pundamilia na twiga.

Gari husikika kabla halijaonekana. Kwanza mngurumo nyuma ya kilima, kisha wingu la vumbi, kisha kitu chenye rangi hupita kwa sekunde tano na kutoweka. Mtoto wa miaka saba hajui anayeongoza. Hajali. Amepiga kelele, amefunikwa na vumbi hadi kope, na anauliza lingine linakuja lini. Aliyeketi sebuleni huona msimamo wa jedwali. Aliye Kedong huona gari. Hiyo ndiyo sababu watu wanaosema Safari imekufa huwa bado wanajaza mafuta na kwenda.

Msisimko na bei yake

Kuna upande mmoja wa ubishi huu usiofaa kuachwa kwenye mzaha. Shabiki anayeamini kwamba mbio zimepoa huutafuta msisimko mwenyewe. Husogea karibu na kona. Huvuka barabara gari likiwa limesikika. Jioni, akiwa na bia kadhaa kichwani, huondoka Naivasha akitaka kuonyesha kwamba naye ni Rovanperä, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi ambayo haijafungwa kwa ajili yake.

Mchezo wenyewe ulijifunza somo hilo kwa machozi. Miaka ya 1980 kulikuwa na magari ya Kundi B, yenye nguvu kupita kiasi, na watazamaji Ulaya walisimama katikati ya njia wakikwepa dakika ya mwisho. Walisema hakuna kilichosisimua zaidi. Mwaka 1986 nchini Ureno gari moja liliacha njia likaingia katika umati, na watazamaji watatu wakafa. Mwaka huo ulipoisha, magari hayo yalikuwa yamepigwa marufuku. Mzee anayesema “zamani kulikuwa na msisimko” ana haki ya kukumbuka, lakini sehemu ya msisimko huo ilikuwa hatari tupu, na kuipunguza si kuuharibu mchezo.

Kwa wazazi wanaopanga kwenda, mambo machache huokoa siku:

Simameni juu, si chini. Kilima au ukingo ulioinuka ni salama zaidi, na watoto wataona vizuri. Usikae upande wa nje wa kona, kwa kuwa gari likishindwa kupinda huelekea huko. Wasimamizi wakisema sogeeni, sogeeni bila kubishana.

Vumbi si mchezo kwa mwenye pumu. Pampu ya dawa iwe mfukoni mwa mzazi, isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa kilomita mbili nyuma. Barakoa au leso iliyoloweshwa kidogo husaidia, na miwani hukinga macho. Mtoto akianza kukohoa mfululizo au kifua kikilia, ondokeni kwenye vumbi kwanza, mmpe dawa yake, na asipopata nafuu haraka mpelekeni hospitali.

Jua la Naivasha hudanganya. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, upepo ni baridi, na mtu huungua ngozi bila kuhisi joto. Bebeni kofia za ukingo mpana, sweta za asubuhi na maji ya kutosha. Soda na bia hazihesabiki kama maji. Miaka mitatu ya kwanza mbio zilifanyika Juni, lakini tangu 2024 zimerudi Machi, mlangoni mwa mvua ya masika, kwa hiyo koti la mvua lisisahaulike.

Wanaolala kwenye mahema kando ya ziwa wakumbuke kwamba viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Usimwache mtoto aende msalani peke yake gizani, na usiweke hema kwenye njia yao.

Na dereva wa kurudi nyumbani achaguliwe asubuhi, mbele ya wote, kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa. Asiwe yule mwenye kelele nyingi zaidi.

Nani ana haki?

Jumapili alasiri, mkondo wa mwisho ukiisha, familia nyingi hushuka ziwani kula samaki wa kukaanga na ugali. Hapo ubishi huanza upya. Guka atasema anasubiri mwaka Toyota watakaposhindwa ndipo akubali kwamba kuna mbio. Mjukuu atamwambia kwamba siku hiyo ikifika, atakuwa wa kwanza kulalamika kwamba Safari ya Toyota ilikuwa bora. Mama atamtazama mtoto aliyelala mapajani mwake, kope zikiwa bado na vumbi, na kumhesabu pamoja na wenzake kabla ya gari kuwashwa.

Utawala wa dereva mmoja au timu moja huwa na mwisho. Wa Mehta uliisha, wa Loeb ukaisha, na Rovanperä mwenyewe aliacha rali mwishoni mwa 2025, akiwa na miaka 25, akaenda kujaribu mbio za lami. Ubishi ndio hauishi, na huenda ndio unaowafanya watu warudi Naivasha mwaka baada ya mwaka. Cha muhimu ni kwamba waliokwenda wakibishana warudi wote nyumbani, waendelee kubishana.