Shingo ya Turbini

Bomba la maji ni duara. Mdomo wa turbini ni mstatili. Kati yao lazima kikae kipande cha chuma kinachoanza duara na kuishia mstatili, na kipande hicho, chenye urefu wa nusu mita tu, ndicho kilichomfundisha fundi mmoja wa Butembo, mashariki mwa Kongo, mambo ambayo miaka mingi ya kuchomelea milango na madirisha haikumfundisha. Karakanani kwake wanakiita shingo.

Fundi anayesimuliwa hapa ndiye huyu aliyeshika kalamu. Alizaliwa Manguredjipa, kama kilomita 100 magharibi ya Butembo, katika sekta ya Bapere, nchi ya dhahabu, mbao na kakao. Barabara yake inajulikana kwa matope: mvua ikishika, lori linaweza kulala njiani siku kadhaa, na pikipiki ndizo zinazobeba kila kitu, mafuta ya jenereta yakiwemo. Mtoto wa huko hukua akisikia sauti mbili usiku, jenereta ya mwenye duka na mto unaoporomoka bondeni. Jenereta ilinyamaza mafuta yalipokwisha. Mto haukuwahi kunyamaza.

Alikwenda mjini Butembo kusoma ufundi wa chuma. Shuleni alijifunza kukunjua koni kwenye karatasi kwa bikari na rula, kazi aliyoiona wakati huo kama adhabu. Kisha yakaja mageti, vitanda vya chuma, makeria ya pikipiki. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na hadi ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020, kila mlango wa Butembo ulitaka ndoo ya kunawia mikono, na kila ndoo ilitaka kiti cha kuikalisha. Alichomelea viti hivyo usiku na mchana, huku moyo ukimwuma kwa sababu ya kilichokuwa kinampa kazi. Kwa pesa hizo alinunua kompyuta ya mkononi iliyotumika, iliyoingia kupitia mpaka wa Kasindi, na rafiki yake akamwekea FreeCAD kutoka kwenye flashi. Programu hiyo ni ya bure na haihitaji intaneti ili ifanye kazi. Katika mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta na vikundi vya watu wanaochangia umeme wa mtaa, mambo hayo mawili yana uzito.

Sauti ya mto wa utotoni haikuwa imemtoka, akaanza kuwaza turbini. Aliyoitaka ni ile ambayo maji hupita kwenye mapanga yake mara mbili, yakiingia na yakitoka. Anthony Michell wa Australia aliipatia hataza mwaka 1903, na Donát Bánki wa Hungaria akaifanyia utafiti baadaye. Ndiyo maana vitabu huiita kwa majina yao. Karakana ndogo huipenda kwa sababu haina kipande cha kusubu. Mapanga hupasuliwa kutoka bomba la chuma, yakachomelewa kati ya visahani viwili vya mviringo, basi.

Wazee wa kijiji kimoja karibu na Manguredjipa walimwita apime kijito chao. Alipata lita 80 kwa sekunde na mwanguko wa mita 9. Ukiondoa kinachopotea njiani, zinabaki karibu kilowati 4: taa, chaji za simu, mashine za kunyolea. Bomba lilikuwa la milimita 250, na mdomo wa turbini ulikuwa na upana wa milimita 200 na kimo cha milimita 120.

Shingo ya kwanza aliitengeneza kwa jicho na nyundo. Ilikuwa na pembe za ghafla, na maji yakifika penye pembe za ghafla hujikunja, hupiga mapovu, hupoteza nguvu kabla hayajagusa panga hata moja. Mashine ilizunguka, lakini taa zilikuwa nyekundu. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mwanangu, maji haya yanalalamika. Sikia." Alisikia. Akaifungua shingo na kurudi nayo Butembo nyuma ya pikipiki.

Hapo ndipo alipoigusa amri ya FreeCAD inayoitwa lofti. Unachora sura moja kwenye bapa moja, unachora nyingine kwenye bapa lililo mbali nayo, na programu inatandaza ngozi kati ya hizo mbili na kulijaza umbo mango. Alichora duara, akapanda milimita 500, akachora mstatili, akabonyeza. Kijana anayejifunza kazi kwake aliinamia skrini. "Papa, imejisokota kama kamba."

Ilikuwa kweli. Umbo lilikuwa limenyongwa kiunoni, kama nguo inayokamuliwa maji. Alihangaika jioni nyingi, akifanya kazi mpaka betri ikate, kabla hajaelewa kisa chake. Mstatili una kona nne, kwa hiyo programu inajua mahali pa kushika. Duara halina kona. Lina nukta moja tu, pale mstari ulipoanzia, na programu ilikuwa ikiivuta nukta hiyo kwenye kona iliyoifikia kwanza. Akalikata duara vipande vinne, kila mkato ukitazamana na kona yake, sura zote mbili zikianzia upande mmoja. Msokoto ukafunguka. Kijana akapiga makofi.

Neno lofti lina historia ya baharini. Waunda meli wa Uingereza walikuwa na ghorofa pana juu ya karakana, na juu ya sakafu yake walichora mikato ya meli kwa ukubwa wake halisi, wakipinda ubao mwembamba na kuuzuia kwa vizito vya risasi walivyoviita mabata. Baadaye, katika viwanda vya magari vya Ufaransa, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault waliupa mpindo huo hesabu ambazo kompyuta inaweza kuzishika. Pwani ya Afrika Mashariki, mafundi wa majahazi wa Lamu walishika njia nyingine: mbao za ubavu zilipangwa kwanza kwa jicho, mataruma yakafuata. Lofti huanza na mataruma, ngozi ikaja baadaye. Fundi wa Butembo hajawahi kuunda jahazi, lakini anapopanga mikato yake kwenye skrini huwafikiria watu wale, na huwaheshimu sana.

Hata hivyo umbo lile zuri halikukunjika. Ngozi iliyotandazwa kutoka tao la duara hadi upande ulionyooka inapinda kwa njia mbili kwa pamoja, na bati la milimita 3 hukubali mpindo mmoja tu. Ukililazimisha mpindo wa pili, linavimba. Ndipo lile somo la koni likamrudia. Alibadilisha mikato: badala ya kulikata duara mbele ya kona, alilikata juu, chini, kushoto na kulia. Kila upande wa mstatili ukawa pembetatu bapa yenye ncha kwenye duara, na kila kona ikawa kilele cha robo ya koni. Maumbo manane, yote yanayokunjuka juu ya meza.

Vipimo alivikagua kwa mkono. Kutoka kona hadi nukta ya ubavuni mwa duara, bati linakwenda pembeni milimita 25, juu 60, mbele 500. Zidisha kila kimoja kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: milimita 504. Hadi nukta ya juu, 514. Skrini ilisema vivyo hivyo. Akachora kwa chaki na bikari, akakata nusu mbili, akazikunja polepole juu ya bomba, akazichomelea katikati ya pembetatu, mahali palipo bapa.

Shingo ilipofungwa kijijini, sauti ya maji ilishuka. Taa zikawa nyeupe. Mzee yule hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya bati na kukiacha hapo kwa muda.

Tangu katikati ya mwaka 2024 mashambulizi ya waasi wa ADF yamewahamisha watu wengi wa Bapere kuelekea Butembo. Mzee alifika karakanani na wajukuu, na godoro limefungwa kwa kamba. Habari za turbini hakuwa nazo. Alikuwa amepita kijito kingine njiani, chembamba zaidi, kando ya mahali ndugu zake walipojenga, na alikuwa amekipima kwa ndoo na kwa kuhesabu.

Fundi alimpa kiti, akafungua faili lile lile. Akafuta 250, akaandika 200. Pembetatu nne na robo koni nne zikajipanga upya mbele yao, na kijana akaenda kutafuta chaki.